Maprofesa wawili: safari ya uzamivu ya Wangari Maathai, 1966–1971

Wasifu wa Wangari Maathai unaosimuliwa mara nyingi huvuka miaka mitano kwa sentensi moja. Alirudi kutoka Marekani mwaka 1966, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu (PhD). Baada ya hapo msimulizi hukimbilia kwenye miti: Green Belt Movement ikaanzishwa 1977, bustani ya umma ya Uhuru Park jijini Nairobi ikatetewa 1989, Tuzo ya Nobeli ya Amani ikaja 2004. Ile mitano inabaki kuwa kitu cha kupitia tu.

Ndiyo ninayotaka kuikalia hapa. Ndani yake mna karibu kila linalomsibu mwanafunzi wa uzamili na uzamivu wa leo: ajira iliyoahidiwa ikayeyuka, msimamizi anayeweza kukujenga au kukuzika, utafiti unaofanyika mbali na nyumbani, harusi, mimba, siasa za nchi. Tena ni kisa ambacho, kwa maoni yangu, husomwa vibaya. Kinatumiwa kama ushahidi kwamba mwenye moyo mgumu hufika. Moyo mgumu ulikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini ukifuata matukio moja baada ya jingine, unaona kuwa yaliyoamua mambo yalikuwa mengine.

Alichorudi nacho

Aliondoka Kenya Septemba 1960 katika safari za ndege za wanafunzi zilizoandaliwa na mwanasiasa Tom Mboya, ambazo mwaka huo wakfu wa familia ya Kennedy ulichangia gharama zake. Akasoma miaka minne katika chuo cha masista cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na ya pembeni yakawa kemia na Kijerumani. Hicho Kijerumani kikumbuke.

Mwaka 1964 akaingia University of Pittsburgh kwa uzamili, akifadhiliwa na Africa-America Institute. Utafiti wake ulihusu tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa kware, jinsi inavyokua na jinsi chembe zake zilivyojengeka. Kwa asiye wa fani hiyo ni mada ya kuchekesha, na nadhani shangazi wengi wa kwao Nyeri wangeuliza kware wana ubongo kiasi gani. Lakini kazi kama hiyo hukufunza ufundi wa mikono: kukata tishu hadi iwe nyembamba kupita karatasi, kuipaka rangi, kuisoma chini ya hadubini bila kujidanganya. Shahada ni cheti, ufundi ni kitu kingine, na katika kisa hiki viwili hivyo havikuthaminiwa na watu walewale.

Pittsburgh ilikuwa shule ya uzamili ya aina moja: mfadhili yupo, mada ina mipaka, muda unajulikana. Kufikia Januari 1966 shahada ilikuwa imekamilika. Nataja hili kwa sababu aliyefanikiwa Pittsburgh na aliyekwama Nairobi mwezi uleule ni mtu yuleyule. Akili yake haikupungua akiwa angani.

Barua

Nairobi wakati huo haikuwa na chuo kikuu kinachojitegemea. Kulikuwa na chuo kishiriki, ndugu wa Makerere na Dar es Salaam chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wangari alikuwa ameshaahidiwa kazi hapo kwa barua: msaidizi wa utafiti kwa profesa mmoja wa zoolojia. Alifika Januari 1966 kuripoti kazini, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Aliamini hadi mwisho kwamba ilitokana na mambo mawili, jinsia yake na ukabila.

Wengi husimulia tukio hili kama dhuluma, wakaendelea. Dhuluma ilikuwa, ila mchambuzi hana budi kuuliza iliwezekanaje. Barua ilitoka chuoni, lakini uwezo wa kuitimiza au kuifanya karatasi ya kufungia maandazi ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja ndani ya ofisi moja. Chuo chenyewe hakikuingilia kati. Hapakuwa na chombo kilichomwambia profesa kuwa ahadi hii ni ya taasisi, si yako ya kuitengua.

Yeyote aliyepita shule ya uzamili katika eneo letu anaijua hali hiyo, hata kama hakuwahi kunyimwa kazi. Pendekezo la utafiti linakaa mezani kwa msimamizi miezi. Simu haipokelewi. Ukienda kwa mratibu wa idara unaambiwa, "Hebu ongea naye vizuri." Ukienda ofisi ya mkuu wa kitivo unaambiwa urudi kwa mratibu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana walimu thelathini, akikorofishana na mmoja maisha yanaendelea. Wa uzamivu ana mmoja au wawili, na kila kitu chake kinapita kwao: data, sura za tasnifu, barua za mapendekezo, jina lake mbele ya watahini. Ni uhusiano wa kikazi uliovikwa adabu za mzazi na mtoto, kwa hiyo hata kulalamika kunaonekana ni utovu wa nidhamu.

Profesa wa pili

Wangari alitafuta kazi miezi miwili. Kisha akakutana na Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akihusika na idara mpya ya anatomia ya mifugo katika kitivo cha tiba ya mifugo. Akamwajiri kama msaidizi wa utafiti katika kitengo cha anatomia ya hadubini.

Chuo ni kilekile, cheti ni kilekile, mwanamke ni yuleyule, tena aliyekuwa bado na uchungu wa kukataliwa wiki chache tu zilizopita. Kilichobadilika ni nani amekaa upande wa pili wa meza. Mtafiti angelazimika kujipanga sana ili apate ulinganisho safi namna hii.

Sitaki kumfanya Hofmann mtakatifu. Alikuwa na idara changa inayohitaji watu wanaojua kuandaa na kusoma tishu, na watu hao Nairobi ya 1966 hawakuwa wengi. Ufundi wa Pittsburgh ulikutana na uhitaji wake. Ndiyo maana nasema bahati haikuwa ya moyo mwema tu. Idara iliyojaa watu wenye ndugu na marafiki wa kuwaingiza ina njia nyingi za kukukataa. Idara inayoanza, iliyounganishwa na chuo cha nje chenye vifaa, ina sababu ya kutazama unachojua kufanya.

Wala mambo hayakuwa shwari alipoingia. Wanafunzi wa tiba ya mifugo karibu wote walikuwa wanaume, na wapo waliotilia shaka kama mwanamke kijana anaweza kuwafundisha anatomia. Walizoea. Mwenye mamlaka ya kutoa alama huzoeleka upesi.

Mwaka 1967 Hofmann akamhimiza aende Ujerumani kuanza uzamivu. Alisoma Giessen na Munich, na hapo ndipo Kijerumani cha Kansas kilipomfaa. Mchumba wake, Mwangi Mathai, waliyejuana tangu 1966, alibaki Kenya. Kuhusu kipindi cha Ujerumani sina mengi ya kusema, na nashuku ni kwa sababu ndicho kipindi kilichokwenda sawa. Maabara ipo, vitabu vipo, kazi inasonga. Masimulizi hayapendi siku za namna hiyo, lakini tasnifu huandikwa katika siku hizo hasa.

Mwaka 1969

Alirudi Nairobi mwanzoni mwa 1969 akiwa mhadhiri msaidizi, tasnifu ikiwa haijaisha. Tazama kilichofuata.

Mei akaolewa. Tarehe 5 Julai Tom Mboya, mtu aliyeandaa ndege zilizompeleka Marekani, akauawa kwa risasi mchana kweupe katikati ya Nairobi, na nchi ikaingia katika hofu na uhasama wa kikabila. Mumewe akawa anagombea ubunge katika uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, akashindwa kwa kura chache. Mke wa mgombea hana nafasi ya kusema niko maabara. Anapokea wageni, anapika, anasalimu, anavaa anavyotarajiwa avae, na watu wanamtazama kama msomi huyu wa ng'ambo bado ni mtu wa kwao. Katikati ya yote akashika mimba ya mtoto wao wa kwanza, Waweru. Mwaka 1970 chuo nacho kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa.

Tasnifu ilihusu jinsi tezi za uzazi za ng'ombe zinavyoumbika na kutofautika, dume na jike, kabla ndama hajazaliwa. Aliimaliza akiwa mke, mama, mhadhiri msaidizi, na nusu mwanasiasa asiyegombea. Shahada ilitoka 1971. Desemba ya mwaka huo akajifungua binti, Wanjira. Maana yake hatua za mwisho za uzamivu alizipitia akiwa mjamzito tena.

Hapo ndipo wasimulizi wa moyo mgumu hupiga makofi. Mimi nauliza swali la kihasibu: ni nini kilichozuia kazi isianguke mwaka 1969? Alikuwa na mshahara kutoka idara ileile alikofanyia utafiti. Kufundisha na kutafiti vilikuwa katika jengo moja, si pande mbili za mji. Sehemu kubwa ya kazi ya maabara ilikuwa na msingi uliowekwa Ujerumani kabla harusi na siasa hazijaanza. Na ndani ya idara hakukuwa na mtu aliyetaka ashindwe. Ukiondoa hata moja kati ya hayo, sidhani kama tungekuwa na tarehe ya 1971.

Mwingine wa rika lake

Kulinganisha kunasaidia, na wa kulinganisha naye yupo. Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, alikuwa Mkenya wa kizazi hichohicho cha wanafunzi waliokwenda Marekani enzi za Mboya. Alimaliza Hawaii mwaka 1962, akaingia Harvard kwa uzamivu wa uchumi. Kufikia 1964, mwaka ambao Wangari alianza Pittsburgh, alikuwa amemaliza masomo ya darasani na kufaulu mitihani. Ilibaki tasnifu.

Nyaraka za idara ya uhamiaji ya Marekani zilizowekwa wazi mwaka 2011 zinaonyesha kilichotokea. Maofisa wa uhamiaji na wa chuo walikuwa wakizungumza pembeni kuhusu maisha yake ya ndoa, ambayo kweli yalikuwa na utata. Ukafuata ujumbe kwamba chuo hakina fedha zaidi za kumpa, na kwamba ni afadhali arudi Kenya akaandikie tasnifu nyumbani. Ruhusa ya kukaa haikuongezwa. Julai 1964 akaondoka. Tasnifu haikuandikwa kamwe.

Simwoshi mtu. Obama alikuwa na ya kwake, pombe ikiwemo, na huenda angejikwamisha mwenyewe hata angebaki. Lakini hakuwa mjinga wala mwoga: makala yake ya 1965 ya kuikosoa sera ya uchumi ya serikali changa ya Kenya bado inatajwa na wanahistoria. Uwezo ulikuwepo na ujasiri ulikuwepo, hata ukazidi. Kilichokosekana ni vile vitu vinne vya Wangari. "Kaandikie nyumbani" husikika kama ushauri wa hekima, na bado wanafunzi wanaupewa fedha za ufadhili zinapokwisha. Anayeupokea anarudi kwenye ajira ya kutwa nzima, wazazi wanaosubiri msaada na maktaba isiyo na majarida ya fani yake, huku msimamizi yuko bara jingine. Wengi wenye uzamivu uliobakiza tasnifu tu hawakushindwa na tasnifu. Walishindwa na Jumatatu hadi Ijumaa.

Kuna tofauti nyingine isiyosemwa sana. Maisha ya faragha ya Obama yaligeuzwa kigezo cha kumwondoa chuoni. Ya Wangari yangeweza kugeuzwa hivyo pia, maana mimba mbili ndani ya miaka mitatu ya uzamivu zingetosha kwa msimamizi aliyetafuta sababu. Hakuna aliyeitafuta.

Hayo yote na leo

Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders. Takriban theluthi moja walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kilichonivutia si hiyo theluthi bali mambo yaliyoambatana nayo: mzigo wa kazi, mgongano kati ya kazi na familia, na mtindo wa uongozi wa msimamizi. Wabelgiji wale hawamjui profesa wa zoolojia wa Nairobi, lakini wamemwelezea. Ukisoma hayo ukiwa na kisa cha 1966 kichwani, nasaha za kwamba mwanafunzi ajifunze kupumua vizuri na kupanga ratiba zinaonekana ndogo mno.

Huku kwetu mzigo umechukua sura yake. Wanafunzi wengi wa uzamili Nairobi na Dar es Salaam wanajilipia ada, wanafanya kazi mchana na kuingia darasani jioni au mwisho wa wiki. Kwa Wangari ajira na utafiti vilikuwa kitu kimoja. Kwa mwalimu wa sekondari anayesomea uzamili wa elimu leo, ajira ndiyo adui wa utafiti na ndiyo inayoulipia. Hapo huwezi kusema mmoja ana bidii kuliko mwenzake, kwa sababu hawakuingia shule moja, ingawa vyeti vitafanana.

Kenya ilijaribu kulitatua tatizo la uzamivu kwa amri. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitaka wahadhiri wote wawe na uzamivu kufikia 2018. Kanuni zilezile zikaweka kikomo: msimamizi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watatu wa uzamivu na watano wa uzamili kwa mwaka. Kila mmoja aone mwenyewe amri hizo mbili zinavyovutana mashati. Wahadhiri wasaidizi walikimbilia kujisajili, wasimamizi wakawa walewale. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kikatunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, na tume ikaanzisha uchunguzi. Mjadala hadharani ulihusu wahitimu: walisoma kweli au hawakusoma? Ningependa ungehusu zaidi upande wa pili wa meza. Mtu anayesimamia kumi hawezi kuwa Hofmann hata akitaka.

Kuhesabu wanafunzi kwa kila msimamizi ni afadhali kuliko kutohesabu. Lakini kikomo cha watatu kisingemsaidia Wangari Januari 1966. Yule profesa angekuwa ndani ya kanuni kabisa. Kilichohitajika ni njia ya kukata rufaa ambayo haipiti kwa yule unayemlalamikia, na ajira inayotambuliwa kuwa ya chuo. Vyuo vingi vina kamati za uzamili ambazo kwa maandishi zinaweza kumbadilishia mwanafunzi msimamizi. Ukiuliza wanafunzi wangapi waliwahi kuomba wabadilishiwe bila kwanza kumbembeleza yuleyule msimamizi awaachie, unapata kicheko.

Baada ya shahada

Uzamivu haukumaliza ile tofauti ya 1966. Wangari akawa mhadhiri mwandamizi katikati ya miaka ya 1970, mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo 1976, profesa mshiriki 1977, na kila mara akiwa mwanamke wa kwanza kufika hapo. Wakati huohuo stahili zake kazini hazikuwa sawa na za wanaume wa cheo chake. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mumewe ndiye wa kumpa nyumba. Yeye na Vertistine Mbaya, mwanabiokemia mzaliwa wa Marekani aliyeolewa Kenya, wakaanza kudai stahili sawa. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi chenye haki ya kujadiliana na mwajiri. Mahakama ikakataa, lakini mengi waliyodai yalikuja kukubaliwa baadaye.

Aliyejua kwa uzoefu wake ni kipi hasa kilichomvusha, alipopata cheo hakwenda kuwahubiria wadogo zake uvumilivu. Alidai posho ya nyumba, bima ya matibabu na pensheni.